Kusafiri na boti ndogo huku unakokota trela ya kulala: anza na uzito

Msimu wa joto ukikaribia, maswali ni yaleyale. Nifunge boti juu ya paa la trela? Niitundike nyuma, kwenye bampa? Naweza kuunga trela ya boti nyuma ya trela ya kulala? Mwongozo huu ni kwa mtu anayeishi Marekani au Kanada, mwenye pikapu ya daraja la nusu tani (ni jina tu la daraja, si kipimo cha mzigo), trela ya kulala ya futi 20 hadi 26, na boti isiyozidi futi 12. Aliyekulia kando ya Ziwa Victoria au Tanganyika huenda hana la kufundishwa majini. Taabu ya safari hii iko barabarani, na sehemu kubwa yake inatokana na uzito uliokaa mahali pasipofaa.

Majibu ya yale maswali matatu

Juu ya paa la trela: usifunge. Paa la trela nyingi ni mbao nyembamba juu ya fito, zimefunikwa kwa ngozi ya mpira. Linamhimili fundi aliyepanda kwa muda kuziba ufa, si boti inayorukaruka kwa saa sita. Kila skrubu ya keria (fremu ya kubebea boti) utakayopiga hapo ni tundu la kupitisha maji, na maji yakishaingia ukutani hutayaona mpaka mbao ziwe zimeoza.

Nyuma ya trela, kwenye bampa: usitundike. Bampa la trela nyingi ni bomba la mraba la bati jembamba, na kazi yake kubwa ni kuhifadhi mpira wa kumwagia maji machafu. Hata ukichomelea keria imara kwenye chesisi yenyewe, hesabu inakukataa. Chukua trela ya kilo 2,700 inayoweka kilo 300 kwenye kiungio cha pikapu, yaani asilimia 11. Ongeza boti ya kilo 60 na keria ya kilo 30, mita 4 nyuma ya ekseli, na tufe la kiungio liko mita 6 mbele ya ekseli. Kilo 90 mara 4, gawa kwa 6, umeondoa kilo 60 kwenye kiungio. Zimebaki 240 kwa trela ambayo sasa ina kilo 2,790, chini ya asilimia 9. Trela ya aina hii inatakiwa iweke asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake kwenye kiungio. Ikipungua hapo inaanza kucheza mkia, yaani kuyumba kushoto na kulia, na ikichachamaa kwenye mteremko inaweza kuipindua na pikapu yenyewe.

Trela mbili kwa mpigo: majimbo mengine yanakataza kabisa, mengine yanaruhusu kwa masharti. Michigan, kwa mfano, inadai kibali maalumu kwenye leseni, na trela ya kwanza lazima iwe ile inayokaa juu ya sanduku la pikapu, si ya kuungwa nyuma ya bampa. Hata pale sheria inaporuhusu, hutaweza kurudi nyuma, na siku moja utaingia kituo cha mafuta kisicho na njia ya kutokea mbele. Kama mna magari mawili, gari la pili likokote boti na mambo yameisha.

Zinabaki njia tatu za maana: boti ya kujaza upepo iliyokunjwa, boti ya alumini iliyopinduliwa juu ya keria ya pikapu, au kayaki. Kwa familia inayoanza, ushauri wetu ni boti ya upepo. Wengi wanaidharau dukani kwa sababu inafanana na chombo cha kuchezea, lakini ndiyo pekee unayoweza kuihamisha ndani ya gari mpaka uzito ukae sawa.

Mahitaji

- Mizani ya bafuni ya kupimia boti, mashine na mizigo.
- Tepu ya kupimia, kalamu na karatasi.
- Kwa boti ya alumini: keria ya pikapu yenye nguzo mbili za kukingama, mikanda minne ya upana wa sentimita 2.5, kila mmoja wenye uwezo wa kazi wa angalau kilo 200, na kamba mbili za milimita 8 hadi 10 za omo (mbele ya boti) na tezi (nyuma yake).
- Vipande vya zulia kuukuu, na vipande vinne vya mbao vya urefu wa kiganja.
- Kwa boti ya upepo: pampu yenye kipimo cha upepo, viraka na gundi inayolingana na kitambaa cha boti yako (gundi ya PVC haishiki kitambaa cha Hypalon), na turubai la kutandika chini.
- Jaketi la uokoaji kwa kila mtu, kwa saizi yake; Marekani liwe limeidhinishwa na Walinzi wa Pwani. Huko Marekani, watoto walio chini ya miaka 13 lazima walivae boti inapotembea, isipokuwa jimbo limeweka sheria yake tofauti.
- Karatasi za usajili wa boti, kama ina mashine. Majimbo karibu yote yanahesabu hata mashine ndogo ya umeme.

Uwezo wa kazi ulioandikwa kwenye mkanda kwa kawaida ni theluthi moja ya uzito unaoukata. Fanya hesabu kwa tarakimu ndogo. Tarakimu kubwa iliyopakwa rangi kwenye pakiti ni ya kuuzia.

Hatua kwa hatua

1. Soma kibandiko cha mlangoni. Fungua mlango wa dereva wa pikapu. Kwenye nguzo ya mlango kuna kibandiko cha tairi na mzigo kinachosema jumla ya uzito wa watu na mizigo isizidi kiasi fulani, kwa kilo na kwa pauni. Hiyo ndiyo tarakimu ya safari yako. Ile ya tangazoni, kwamba gari linaweza kukokota kilo elfu nne na ushee, iache huko huko kwenye tangazo. Uwezo wa kubeba huisha mapema kabisa kabla ya uwezo wa kukokota.

Sasa toa. Tuseme kibandiko kinasema kilo 700:

- Uzito wa trela kwenye kiungio, asilimia 13 ya kilo 2,700: toa 350.
- Kiungio chenyewe na vyuma vyake vya kugawa uzito (vinavyousambaza uzito wa kiungio kwenye ekseli ya mbele ya pikapu na za trela): toa 40.
- Watu wanne: toa 270.
- Keria ya juu ya pikapu: toa 35.

Umebaki na kilo 5. Hapo hujaweka boti, mashine, friji ya barafu, wala mkaa. Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, na wengine wanaamua kutoiona hesabu. Usifanye lolote kati ya hayo mawili. Nenda hatua ya 2.

2. Chagua boti inayoingia kwenye kilo zilizobaki. Boti bapa ya alumini ya futi 12 huwa na kilo 50 hadi 65. Boti ya upepo ya futi 10 yenye sakafu ya upepo ni kama kilo 30. Yenye sakafu ya alumini hupita 40. Mashine ya nguvu farasi 2.5 ina kilo 14 hadi 18, na ya farasi 6 ni karibu 27. Mashine ya farasi 10 hupita kilo 35, na kuinyanyua mtu mmoja kila jioni ni kazi ya kuumiza mgongo.

Rudi kwenye mfano wetu. Ondoa keria, utakuwa na kilo 40. Boti ya upepo ya kilo 30 iingize ndani ya trela, sakafuni, juu ya ekseli au mbele yake kidogo, ambapo haigusi sana uzito wa kiungio. Mashine ya farasi 2.5 ikae kwenye pikapu. Umebakiwa na kilo zaidi ya 20 za friji ya barafu. Kwa gari lilelile na familia ileile, boti ya alumini isingewezekana.

Ukiiweka boti ndani ya trela, soma pia kibandiko cha trela yenyewe kinachosema inaruhusiwa kubeba mzigo kiasi gani. Zipo trela ambazo maji ya kunywa yakijazwa, kilo 150 kwa lita 150, nafasi karibu yote imeliwa. Safiri na maji ya kunawa tu, ujaze tangi kambini. Pima upya uzito wa kiungio baada ya hapo, kwa sababu tangi likiwa mbele ya ekseli, kulimwaga kunapunguza uzito wa kiungio. Likiwa nyuma, kunauongeza.

Kuni usizibebe kabisa. Mbali na uzito, maeneo mengi yanakataza kuzihamisha kwa sababu zinabeba wadudu wanaoua miti. Nunua kambini.

3. Kwa boti ya alumini, funga keria sahihi. Kosa linalojirudia ni kununua kile chuma cha umbo la T kinachoingia kwenye tundu la mraba nyuma ya pikapu ili kurefusha sanduku. Tundu hilo ndilo linalobeba kiungio cha trela. Huwezi kuwa na vyote viwili, na watu wanaligundua hilo asubuhi ya safari.

Unachotaka ni nguzo ya nyuma iliyosimama kwenye kuta za sanduku la pikapu, na nguzo ya mbele juu ya paa la kabini au mwanzoni mwa sanduku. Boti ya futi 12 ina mita 3.66. Kwenye pikapu ya milango minne yenye sanduku fupi, ukiipindua inaanzia karibu na ukingo wa juu wa kioo cha mbele na kuishia karibu na mlango wa nyuma wa sanduku. Soma uzito unaoruhusiwa wa keria gari likiwa linatembea. Ule wa gari lililosimama huwa mkubwa zaidi na ndio unaopenda kuandikwa kwa herufi nene. Nguzo nyingi za juu ya kabini hazizidi kilo 75.

Funika nguzo kwa zulia. Kwenye nguzo ya nyuma, badala ya zulia, pitisha bomba la PVC lenye tundu kubwa kuliko nguzo, lizunguke kwa uhuru. Hiyo ndiyo rola yako, na inageuza kazi ya watu watatu kuwa ya wawili.

4. Pakia boti kabla ya kuunga trela. Trela ikishaungwa, nafasi ya nyuma ya pikapu inakuwa imejaa mitungi ya gesi na jeki ya trela, huna pa kusimama. Isitoshe, boti inashusha sehemu ya nyuma ya pikapu, kwa hiyo ukipanga vyuma vya kugawa uzito kabla ya kupakia utavipanga mara mbili.

Pindua boti chini, omo ikielekea pikapu. Mmoja ainue omo na kuilaza juu ya rola. Mwingine ashike tezi na kusukuma mbele. Isogee mpaka tezi isipite mlango wa nyuma wa sanduku kwa zaidi ya sentimita 30. Ikilazimika kutokeza, itokeze mbele juu ya boneti, si nyuma kuelekea trela.

5. Funga. Kwanza ile kazi inayorukwa: piga skrubu vile vipande vinne vya mbao juu ya nguzo, viwili kila nguzo, vigusane na kingo za boti kwa ndani. Boti iliyopinduliwa inasimama juu ya kingo zake, na bila vizuizi hivyo kila lori linalokupita linaisogeza sentimita moja upande mmoja.

Kisha mikanda miwili kila nguzo, ipite juu ya tumbo la boti na kuzunguka nguzo yenyewe, isiishie kwenye plastiki ya mwisho wa nguzo. Racheti ya kukazia mkanda ina nguvu kuliko unavyodhani: ukiona bati la boti linabonyea, legeza jino moja. Kwa kayaki ya plastiki usitumie racheti kabisa, tumia mkanda wa bizimu unaovutwa kwa mkono. Usokote kila mkanda nusu mzunguko mahali unapokaa hewani, usije ukaimba njia nzima.

Mwisho, kamba za omo na tezi. Ya omo iteremke kwenye ncha mbili za mbele ya gari kama herufi V iliyopinduliwa. Pikapu nyingi hazina ndoano mbele panapofaa; funga vitanzi vya utepe kwenye boliti za chini ya boneti, uvichomoze nje na kuufunga mfuniko. Ya tezi ishuke kwenye ndoano za ndani ya sanduku, kamwe isifungwe kwenye trela. Trela inageuka, boti haigeuki.

Kiti, makasia na nanga visibaki ndani ya boti iliyopinduliwa. Vifunge sandukuni.

6. Mashine na mafuta. Mashine ya mipigo minne kwa kawaida ina upande wake wa kulalia, na upande huo umechorwa kwenye mwili wake au kwenye kitabu. Ukiilaza upande mwingine, oili inapenya kwenye silinda. Asubuhi haivutiki, au inawaka na kutoa moshi mweupe wa kutisha. Kabla ya kuilaza, maliza petroli iliyo kwenye kabureta: funga koki ya mafuta, iache iwake mpaka izime yenyewe majini. Iweke propela ikiwa chini kuliko kichwa, maji yaliyobaki yasirudi kwenye silinda.

Petroli na mashine visiingie ndani ya trela, hata dumu likiwa tupu. Mvuke wa petroli unatambaa sakafuni, na mule ndani kuna hita na friji za gesi zinazojiwasha zenyewe. Safiri na dumu tupu, nunua mafuta karibu na ziwa, na ulijaze likiwa limewekwa chini ardhini. Dumu lililo juu ya zulia la plastiki la sanduku la pikapu linakusanya umeme tuli, na cheche moja inatosha.

Anayetumia mashine ya umeme apime betri pia. Betri ya risasi ya saa ampea 100 ina karibu kilo 30. Ya lithiamu ya ukubwa huohuo ni kama 11 au 12. Hapa fedha inanunua kilo, na kwenye hesabu ya hatua ya 1 kilo 18 si kidogo.

7. Unga trela, kisha jaribu kona. Panga vyuma vya kugawa uzito kwa pikapu ikiwa imeshapakiwa kila kitu. Halafu tafuta uwanja mtupu wa kuegesha magari. Dereva akate usukani mpaka mwisho na atembee polepole, upande wa kulia kisha wa kushoto. Mwenzake atembee pembeni akiangalia pembe za mbele za trela na tezi ya boti. Nafasi isipungue sentimita 15 hata kwenye kona kali.

Kona peke yake haitoshi. Pitisha gari kwenye mfereji au kizingiti cha kuingilia barabarani, pale pikapu inapoinua pua huku trela ikiwa bado nyuma imelala. Juu, pengo kati ya boti na trela linaziba kuliko chini, na hapo ndipo tezi inapotoboa ukuta wa trela.

Fungua pia mlango wa nyuma wa sanduku kwa uangalifu. Kwenye pikapu nyingi unagonga jeki ya trela.

8. Pima kwenye mizani ya malori. Vituo vikubwa vya malori vina mizani ya CAT (ni jina la kampuni ya mizani) yenye majukwaa kadhaa. Simamisha ekseli ya mbele ya pikapu kwenye jukwaa la kwanza, ya nyuma kwenye la pili, za trela kwenye la tatu. Legeza vyuma vya kugawa uzito kwa kipimo hiki, la sivyo vitarudisha sehemu ya uzito kwenye trela na kukudanganya. Bonyeza kitufe cha kuitia, chukua risiti. Kisha egesha trela, urudi kupima pikapu peke yake, watu na boti vikiwemo.

Jumla ya kwanza toa uzito wa pikapu peke yake, hapo una uzito wa trela. Uzito wa trela toa uliosomwa kwenye ekseli zake, hapo una uzito wa kiungio. Uwe kati ya asilimia 10 na 15, na usizidi kiasi kilichoandikwa kwenye tundu la mraba. Ukiwa pungufu, sogeza vitu vizito mbele ndani ya trela. Ukizidi, virudishe usawa wa ekseli. Usijaribu kuupunguza kwa kutundika kitu nyuma.

9. Barabarani. Simama baada ya kilomita 15 hadi 20 za mwanzo. Mikanda mipya hunyooka na zulia linashindilika, kwa hiyo kukuta imelegea ni kawaida. Baada ya hapo ishike kwa mkono kila unapotia mafuta.

Mwendo: zipo tairi za trela zilizotengenezwa kwa maili 65 kwa saa tu, soma ubavuni mwake. California anayekokota trela haruhusiwi kupita maili 55, hata kama wengine wote wanapita.

Ukiwa na boti usipite kituo cha ukaguzi. Idaho, Montana, na ukivuka mpaka British Columbia, kila chombo cha majini lazima kisimame, kayaki nayo imo. Wanatafuta kome milia na ndugu zake, waliogunduliwa kwenye Maziwa Makuu ya Amerika miaka ya 1980 na tangu hapo wakawa wanasafirishwa na boti kutoka ziwa hadi ziwa. Minnesota, kutembea barabarani kizibo cha tundu la kumwagia maji ya boti kikiwa kimefungwa ni kosa. Kichomoe, kifunge kwa kamba kwenye funguo za mashine. Ukikisahau nyumbani, hutavuka hatua kumi kutoka ufukweni.

10. Kambini. Egesha trela, isawazishe, weka vizuizi vya magurudumu, ndipo uitenge na pikapu na kushusha boti. Pima urefu wa pikapu na boti yake kutoka ardhini na uubandike mbele ya dereva, kwa sababu ukishaiacha trela unasahau kwamba gari bado ni refu kwenda juu, na paa fupi la mgahawa wa kununulia dirishani ukiwa garini halisamehe.

Boti ya upepo itandikie turubai kabla ya kuijaza. Mirija ya pembeni huhitaji karibu baa 0.25 (baa ni kipimo cha shinikizo la hewa), sakafu ya upepo huweza kufika 0.7, tarakimu zilizochapwa kwenye boti yako ndizo za kufuata. Jaza vyumba vyote nusu kwanza, kisha ukamilishe, ili kuta za ndani zisinyooke upande mmoja. Ukiivuta ufukweni juani, punguza upepo kidogo. Juani hewa inatanuka, majini inanywea.

Mashine ya nguvu farasi 3 au zaidi ikija na kamba ya kuzimia (inayoizima mashine ukianguka), ivae ukiwa kwenye mwendo. Ni sheria ya shirikisho la Marekani tangu Aprili 2021. Na kitu kimoja kwa waliozoea maji ya kwetu: Mei, Ziwa Superior na maziwa mengi ya kaskazini yanakuwa chini ya nyuzi 10. Jua linaweza kuwa kali na hewa tamu, lakini anayetumbukia anapaliwa na kushindwa kuogelea ndani ya dakika chache. Jaketi livaliwe, lisikaliwe.

11. Kurudi. Toa majani na matope, mwaga maji yote, pamoja na yaliyo ndani ya mashine, na ukaushe. Siku tano za ukavu kabla ya kuingia ziwa jingine ndio ushauri wa kawaida. Boti ya upepo ikikunjwa mbichi inaota ukungu ndani ya wiki, na mchanga uliobaki kwenye kona ya sakafu unaikwangua mpaka kuitoboa. Kama mvua imekunyima nafasi ya kukausha, ikunje ilivyo, ufike nayo nyumbani, uifungue siku hiyohiyo.

Ikitokea shida

*Trela inacheza mkia.* Usikanyage breki ya gari. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani mnyoofu, na ubonyeze kwa mkono kidhibiti cha breki za trela taratibu. Ikitulia, simama mahali salama uangalie kilichohama kwenda nyuma. Kama hakuna, angalia upepo wa tairi za trela na uzito wa kiungio.

*Taa za mbele zinamulika juu, usukani mwepesi.* Nyuma ya pikapu imeshuka mno. Ama vyuma vya kugawa uzito vilipangwa kabla ya kupakia boti, ama umepita tarakimu ya kibandiko. Pima, usinunue springi za kuongezea kwanza. Springi zinainua gari, hazibadilishi kibandiko.

*Boti imehamia upande mmoja.* Vizuizi vya mbao havipo au haviigusi boti. Kukaza mikanda peke yake hakusaidii.

*Mkanda unavuma.* Haujasokotwa, au ncha yake inapiga bati. Ncha ifunge fundo.

*Boti ya upepo imelegea asubuhi.* Kama vyumba vyote vimelegea sawasawa, ni baridi ya usiku, ongeza upepo. Kikilegea chumba kimoja, paka maji ya sabuni kuanzia kwenye valvu. Mara nyingi ni chembe ya mchanga kwenye valvu, si tundu.

*Mashine haiwaki.* Fuata mpangilio: klipu ya kamba ya kuzimia imo? Skrubu ya hewa ya kifuniko cha tangi imefunguliwa? Koki ya mafuta je? Bomba la mafuta limebanwa mahali? Petroli ni ya mwaka jana? Kama kamba ya kuwashia haivutiki kabisa, usiilazimishe: huenda ililala upande usio wake. Isimamishe saa nzima, chomoa plagi, vuta polepole mara kadhaa oili itoke, futa plagi na uirudishe.

*Boti ya alumini inavuja.* Ipandishe nchi kavu juu ya magogo, ikauke nje, kisha mwaga maji ndani sentimita chache na uangalie chini ni ribiti ipi inayotoa jasho. Weka alama kwa kalamu. Gundi ya kuzibia ya boti inatosha kumaliza safari. Ribiti yenyewe ipigwe upya nyumbani. Usijaze maji mpaka juu, uzito wake unazilegeza zilizokuwa nzima.